Miaka Hamsini Bungeni, na Kiti cha Magarini

Nasema nanyi mlioko Marafa, Garashi, Adu, Gongoni, Magarini na Sabaki, wadi zetu zote sita, na nyinyi mlio mbali ambao huku mnakuita kwenu. Leo nataka tuzungumze juu ya kiti cha ubunge, na hasa juu ya muda. Mtu akae bungeni miaka mingapi ndipo kazi yake ionekane?

Nianze na hesabu ya hapa hapa nyumbani. Eneo bunge la Magarini lilipiga kura kwa jina lake mara ya kwanza mwaka 1988, mwaka ule wa mlolongo, watu waliposimama foleni nyuma ya wagombea kwenye mchujo wa KANU. Jonathan Katana Ndzai akachukua kiti, na mwaka 1992 akarudi. Tangu hapo, sikilizeni vizuri, hakuna mbunge wetu hata mmoja aliyemaliza kipindi chake akarudishwa katika uchaguzi mkuu uliofuata. Mwaka 1997 alikuja David Noti Kombe. Mwaka 2002 akaja Harrison Garama Kombe kwa tiketi ya Shirikisho, chama kilichobeba hoja ya majimbo. Mwaka 2007 ikawa zamu ya Amason Kingi na ODM. Mwaka 2013 Harrison Kombe akarudi, mwaka 2017 akaingia Michael Kingi, na mwaka 2022 tukamrudisha Harrison Kombe tena, safari hii kwa kura 21 tu.

Kura 21, ndugu zangu. Kesi ikaanza Mahakama Kuu, ikaenda Rufani, ikamalizikia Mahakama ya Upeo, na uchaguzi ukafutwa. Wakati huo Tume ya Uchaguzi haikuwa na makamishna wa kuitisha uchaguzi mdogo, kwa sababu waliotangulia walikuwa wametoka na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Basi Magarini ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila mbunge. Miswada ilipita, bajeti ilipita, na sauti yetu haikuwemo. Tarehe 27 Novemba 2025 tukapiga kura, na Harrison Kombe akarudi tena, mara hii kwa tofauti ya maelfu.

Ukiitazama orodha hiyo utaona jambo. Si kwamba hatuwapendi watu wetu. Mtu huyo huyo tumemchagua, tukamtoa, tukamwita tena. Tunachokikataa ni kumwacha mtu akae mfululizo. Nimelifikiria sana jambo hili, na ndilo lililonifanya nisome habari za mwanasiasa mmoja wa Ujerumani ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia.

Jina lake Wolfgang Schäuble. Alikuwa mhafidhina wa chama cha CDU, na aliingia bunge la Ujerumani mwaka 1972 akiwa na miaka 30. Eneo lake la uchaguzi lilikuwa Offenburg, kusini magharibi mwa nchi, karibu na mpaka wa Ufaransa. Watu wa Offenburg walimchagua mwaka 1972, na kila uchaguzi uliofuata walimchagua tena, mara 14 bila kukatika. Alipofariki tarehe 26 Desemba 2023, alikuwa bado mbunge wao. Miaka 51. Katika historia ya mabunge ya kitaifa ya Ujerumani hakuna aliyekaa muda mrefu kuliko yeye.

Miaka hiyo aliifanyia nini? Mwaka 1990, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani chini ya Kansela Helmut Kohl, ndiye aliyekaa mezani kwa niaba ya Ujerumani Magharibi kujadili mkataba wa kuiunganisha nchi iliyokuwa imegawanyika tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mkataba ukatiwa saini tarehe 31 Agosti, na tarehe 3 Oktoba nchi ikawa moja. Siku tisa baadaye, akiwa kwenye mkutano wa kampeni katika mji mdogo wa Oppenau, mtu mwenye maradhi ya akili alimpiga risasi. Uti wa mgongo ukaharibika. Kutoka siku ile hadi kufa kwake alitembea kwa kiti cha magurudumu, na baada ya wiki chache tu alikuwa amerudi kazini. Juni 1991 bunge lao lilijadili kama makao ya serikali yabaki Bonn au yahamie Berlin. Alizungumza kutoka kwenye kiti kile, na watu waliokuwepo wanasema hotuba yake iligeuza mioyo ya wengi. Berlin ikashinda kwa kura 338 dhidi ya 320. Baadaye akawa Waziri wa Fedha kwa miaka minane, kisha Spika.

Sitaki mfikiri kwamba namleta kwenu kama malaika. Mwaka 2000 alilazimika kuachia uongozi wa chama chake, baada ya kukiri kwamba alipokea fedha taslimu alama 100,000 za Kijerumani kutoka kwa mfanyabiashara wa silaha. Na muulizeni mzee yeyote wa Ugiriki aliyekatwa pensheni wakati wa msukosuko wa madeni, atawaambia jina la Schäuble kwa uchungu. Muda mrefu haumfanyi mtu kuwa mwema. Unamfanya kuwa na uwezo, na uwezo huo unaweza kwenda huku au kule.

Sisi Wakenya tunalijua hilo pengine kuliko Wajerumani. Daniel arap Moi aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955 na hakutoka katika siasa za uwakilishi hadi mwaka 2002. Miaka 47, na 24 ya mwisho akiwa Rais. Mwai Kibaki aliingia bungeni mwaka 1963 kupitia Doonholm, Nairobi, akahamia Othaya mwaka 1974, na akabaki mbunge hadi 2013. Miaka 50. Moi alitupa mlolongo na mwaka 1982 sheria ya chama kimoja. Kibaki, aliyekuwa ndani ya serikali hiyo hiyo kwa miaka mingi, alipata nafasi mwaka 2003 akafungua milango ya shule za msingi bila karo, na mwaka 2010 akatia saini Katiba tunayoishi nayo leo. Kibaki alikuwa ameshika Wizara ya Fedha tangu mwisho wa miaka ya 1960. Alipoingia Ikulu hakuhitaji kufundishwa fedha za serikali zinatoka wapi na zinakwama wapi. Alikuwa amezihesabu kwa mkono wake kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Na sisi wa Pwani, nani alikuwa wetu?

Alikuwa Ronald Gideon Ngala. Mtoto wa Kigiriama, mwalimu aliyewahi kuongoza shule ya Buxton kule Mombasa. Machi 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe walikuwa wanane tu nchi nzima: Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Moi, Bernard Mate, James Muimi, Lawrence Oguda, na Ngala wa Pwani. Mwaka 1960 yeye, Muliro na Moi wakaunda KADU, na Ngala ndiye aliyekuwa rais wa chama. Hoja yao ilikuwa majimbo: kwamba makabila madogo na sehemu za pembeni zisimezwe na Nairobi. Wengine walisema hoja hiyo inawafaa walowezi, na kweli walowezi wengi waliipenda. Lakini mtu wa Marafa ambaye leo anapata zahanati kupitia serikali ya kaunti, bila kusubiri waziri wa Nairobi, anakula tunda la mti ambao Ngala aliupanda na wenzake wakaukata.

Novemba 1964 KADU ikavunjwa, Ngala akajiunga na KANU, akawa waziri. Desemba 1972 gari lake lilipata ajali katika barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, na siku ya Krismasi akafariki. Alikuwa hajafika miaka 50. Jumla ya muda wake katika baraza na bunge ni miaka 15.

Nataka tukae kidogo hapo. Ngala na Moi walipigiwa kura mwaka mmoja, wakaongoza chama kimoja, wakaingia KANU pamoja. Mmoja alipata miaka 15, mwingine 47. Sisemi Ngala angekuwa Rais, hilo Mungu ndiye ajuaye. Nasema kwamba Pwani ilikuwa na mtu aliyekaa kwenye mazungumzo ya uhuru kule Lancaster House, aliyejua kila neno lililosemwa juu ya ukanda wa maili kumi wa Pwani na juu ya ardhi, na alipoondoka yale yote aliyoyajua hayakuwa na mrithi.

Maana ardhi ndiyo inayonifanya nilete mazungumzo haya kwenu, wala si hamu ya kuwasifu wazee wa siasa.

Tazameni urefu wa jambo lenyewe. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi za Pwani: mwenye kudai ardhi katika ukanda wa bahari aje aandikishe, na isiyodaiwa ni mali ya Mfalme wa Uingereza. Mijikenda kwa sehemu kubwa walikosa hata kusikika. Mwaka 1913 mama wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, akawaapisha watu wasitii, akakamatwa na kupelekwa Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti, na moja ya amri zao kuu ilikuwa kwamba Wagiriama waondoke kaskazini mwa mto Sabaki. Kaskazini mwa Sabaki ni wapi? Ni hapa tulipo. Nchi hii tunayoibishania leo, babu zetu walichomewa nyumba ili waiache.

Kisha Oktoba 1963, katika makubaliano ya serikali ya Kenya na ya Zanzibar juu ya ukanda wa Pwani, Kenya ikaahidi kuzitambua daima hati za umiliki zilizokwisha andikishwa. Yaani kilichoandikwa baada ya 1908 kikatiwa mhuri mpya. Mwaka 1978 ukaja mradi wa makazi wa Magarini kwa fedha za Australia. Msitu ulifyekwa, watu wakapimiwa mashamba, visima vikachimbwa na vingi vikatoa maji ya chumvi. Miaka kumi na kitu baadaye Waaustralia wakaondoka, na mimea haikuwa imestawi kama makaratasi yalivyoahidi. Huku Gongoni, Kurawa na Ngomeni yakaja mashamba ya chumvi, na malalamiko ya kuhamishwa watu yakawa mengi hata mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikafika kufanya uchunguzi wa hadhara.

Hesabuni: 1908, 1914, 1963, 1978, 2005. Hilo ni jambo la zaidi ya miaka 100, nasi tunalikabidhi kwa mtu ambaye tunajua, naye anajua, kwamba baada ya miaka mitano ataondoka. Mwaka wa kwanza anatafuta ofisi na kumalizana na kesi za uchaguzi. Wa pili anajifunza kanuni za Bunge. Wa tatu ndio kwanza anaanza kujulikana kwenye kamati. Wa nne anaanza kampeni, na wa tano hana usingizi. Anayekuja baada yake anaanza upya, na mara nyingi hata faili hakuachiwa.

Nitawapa mfano mmoja wa gharama yake. Mwaka 2016 sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi ilirekebishwa ili wananchi walete madai ya dhuluma za kihistoria za ardhi. Sheria iliweka miaka mitano. Septemba 2021 dirisha hilo likafungwa. Miaka hiyo mitano, kwetu, ilikatwa katikati na uchaguzi wa 2017, mbunge mmoja akatoka na mwingine akaingia. Simlaumu mmoja wala mwingine. Najiuliza tu: nani alikuwa ameshika kumbukumbu yote, kutoka Kaya Fungo hadi visima vya chumvi, kwa namna ya kuiweka mezani siku ya kwanza dirisha lilipofunguliwa? Ni wazee wangapi wa Adu na Chakama waliosikia habari ya dirisha hilo likiwa limekwisha fungwa?

Sasa mtaniambia, mwandishi, tumwache basi mbunge akae hata kama hatutumikii? La. Haki ya kumtoa mtu ni haki tuliyoipigania, na mbunge asiyeogopa kura huota pembe. Isitoshe, kila upande wa eneo bunge unataka nao upate wake, watu wa bara na watu wa pwani, mbari hii na ile, na haki ya kugawana si jambo la kudharau. Lakini naamini, na nasema haya kwa moyo wangu wote, kwamba hatuwatoi wabunge kwa sababu wameshindwa kazi ya Bunge. Tunawatoa kwa sababu ya kazi nyingine kabisa.

Mbunge wetu tunampima kwa nini? Kwa basari. Kwa mchango wa matanga. Kwa harambee ya kanisa na ya msikiti, kwa nauli aliyompa mtu pale Gongoni, kwa kama anachukua simu usiku. Hayo ni mahitaji ya kweli. Mama ambaye mwanawe amefukuzwa shule kwa karo haombi anasa. Lakini ni mahitaji ambayo mtu mmoja hawezi kuyamaliza, na kila anayeyajaribu hushindwa, kwa hiyo kila mmoja hutoka. Hakuna aliyewahi kutolewa Magarini kwa sababu hakuzungumza bungeni juu ya hati za ardhi. Kama yupo, nitajieni.

Hapo ndipo Offenburg inapotufundisha, wala si kwa sababu Wajerumani wana akili kuliko sisi. Mtu wa Offenburg akitaka barabara ya mtaa au shule ya mtoto, anakwenda kwa meya, kwa baraza la wilaya, kwa serikali ya jimbo la Baden-Württemberg. Schäuble hakutakiwa kulipa karo ya mtu. Alitumwa kutunga sheria na kuibana serikali, na hilo ndilo walilompimia. Tena nyuma yake kilikuwepo chama chenye mizizi katika kila kijiji, kilichokuwepo kabla yake na kimebaki baada yake. Vyama vyetu tangu 1992 vinakuja na kwenda. Mtu mmoja anaweza kugombea kwa vyama vitatu katika maisha yake bila yeye kubadilika hata neno moja.

Lakini sisi nasi tangu 2013 tunayo kaunti. Gavana yupo Kilifi, wawakilishi wa wadi sita wapo, zahanati na chekechea ni zao. Angalieni hata safari ya Amason Kingi, kijana wa Magarini: mbunge kipindi kimoja, waziri, gavana vipindi viwili, na tangu 2022 Spika wa Seneti. Urefu upo katika maisha yake ya siasa, ila haukukaa katika kiti cha eneo bunge. Kwa hiyo uwezo wa kukaa muda mrefu si jambo geni kwetu. Kiti hiki kimoja ndicho hatujakipa nafasi ya kuwa na kumbukumbu.

Na kama hatutaki kumweka mtu mmoja miaka mingi, basi kumbukumbu tuiweke sisi. Taarifa rasmi ya Bunge huchapishwa kila kikao na kuwekwa kwenye tovuti ya Bunge, bure. Kijana yeyote mwenye simu pale kituo cha bodaboda anaweza kuisoma na kujua mbunge wetu alisema nini, lini, na kuhusu nini. Kamati ya Ardhi ya Bunge ina wanachama wanaojulikana kwa majina. Na Katiba, Kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata mtu mmoja wa Bungale asiye na wakili. Ombi hilo linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na mbunge anapoondoka, aliyeliandika ni mwananchi, naye bado yupo.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Magari yenye vipaza sauti yatapita hapa Marafa mapema kabla ya siku hiyo. Kila atakayesimama mbele yenu, muulizeni maswali matatu. Unaijua historia ya mradi wa makazi wa Magarini, na hati zilizobaki ziko wapi? Ukiingia, utaomba kamati gani? Na yule aliyekutangulia alifikisha wapi suala la ardhi, na wewe utaanzia wapi? Asiyeweza kujibu la tatu anataka kutuanzisha upya tena kutoka mwanzo, na tumeanza upya mara nyingi mno.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutasoma Kifungu cha 119 polepole na kueleza hatua kwa hatua jinsi ombi la mwananchi linavyoandikwa na kupelekwa kwa Karani wa Bunge. Mwenye karatasi za zamani za mradi, barua za ugawaji au ramani za vipimo, azitoe sandukuni mapema ajue zimeandikwa nini. Na kila nyumba iwe na kalamu na daftari karibu na redio.